Nani Atamkanda Bi Tembo?

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo si pakawa, hiyo ni miayo. Wewe Sikudhani, umemaliza sinia zima la wali, sauti umeipeleka wapi? Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Sogeeni motoni, ila msinikatize. Mimi nikikatizwa nanyamaza, na hapo hata mnibembeleze vipi sisemi tena.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanajuliana hali, palikuwa na Bi Tembo na Bi Panya. Bi Tembo aliolewa mbali na kwao. Hakuwa na mama karibu, hakuwa na dada, hakuwa na shangazi. Bi Panya naye mama yake alichukuliwa na kipanga. Basi wakawa mashoga wa damu. Asubuhi wanakwenda mtoni pamoja, jioni wanarudi pamoja, Bi Panya kapanda juu ya kichwa cha mwenziwe anapiga soga njia nzima.

Masika yalipoanza, wote wawili wakashika mimba. Bi Panya akacheza, akaimba. Bi Tembo machozi yakamlengalenga.

"He! Shoga, unalia nini na heri imeingia?"

"Nalia kwa sababu nikijifungua sina wa kunikanda. Nani atanimwagia maji ya moto mgongoni? Nani atanibonyeza kiuno? Nani ataniambia pole?"

Na kweli, wanangu. Mwanamke akishajifungua mwili wote unauma, lazima apate mtu wa kumkanda na maji ya moto mpaka nguvu zirudi. Kuzaa ukiwa peke yako ni jambo la kutisha.

"Mimi si nipo?" akasema Bi Panya. "Utanikanda, nami nitakukanda. Atakayetangulia kuzaa, akandwe kwanza."

Wakakubaliana.

Mwezi haujazunguka, Bi Panya akazaa. Watoto tele, wekundu, hawana hata unywele, macho yamefumba. Bi Tembo akaenda kwenye jiwe moja pana la mtoni ambapo jua hupasha maji, akavuta kidogo kwa mkonga, akamkanda shoga yake kwa ncha tu, taratibu, asije akamvunja mbavu.

"Ahsante, shoga. Bado wewe."

"Bado mimi," akajibu Bi Tembo.

Masika hayajaisha, Bi Panya kazaa tena. Akakandwa. "Bado wewe." "Bado mimi." Kiangazi hakijakolea, kazaa tena! Akakandwa. "Bado wewe, shoga?" "Bado mimi."

Na si Bi Panya peke yake. Sungura akashika mimba, akazaa. Simba akashika mimba nyuma yao, akazaa, akaanza kuwafundisha wanawe kunyata. Vuli ikanyesha, ikapita. Nyati akazaa. Masika ya pili yakaingia, yakaisha, na Twiga, ambaye watu walikuwa wakimwonea huruma kwa kuchelewa, akazaa. Bi Tembo yuko vilevile na tumbo lake.

Fisi, mnamjua mdomo wake, akapita kila mahali akitangaza. "Mimba gani ile? Yule kavimbiwa na majani! Mke wangu mimi kashika mimba juzijuzi tu, na leo nimebeba mtoto." Wanyama wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Bi Tembo akamwita shoga yake. "Niambie kweli. Labda sina kitu humu."

Bi Panya akapanda, akaweka sikio kwenye lile tumbo, akatulia. Halafu akacheka. "Yumo, na anacheza! Sikiliza, shoga. Mimi nawatoa wabichi, nawamalizia nje. Wewe unapika mpaka kiive ndani. Sasa unataka chungu chako kichemke sawa na changu?"

Bi Tembo akatulia moyo.

Lakini umri wa panya si mrefu, wanangu. Bi Panya akazeeka, sharubu nyeupe, meno yameisha. Asubuhi moja akashindwa kupanda, ikabidi Bi Tembo ambebe kwa mkonga.

"Shoga," akasema Bi Panya, "mimi sifiki. Nilikuahidi na sitaweza. Naona aibu."

"Usiseme hivyo," akasema Bi Tembo, na wote wawili wakalia.

Bi Panya akawaita binti zake. "Bi Tembo akijifungua, mkamkande."

Binti wakaangua kicheko. "Mama nawe! Ana mimba gani yule? Sisi tumezaliwa tumemkuta hivyo. Watoto wetu wamezaliwa wamemkuta hivyo. Wajukuu zetu wamezaliwa wamemkuta hivyohivyo. Si ndivyo alivyoumbwa?"

"Nyamazeni!" Bi Panya akafoka kwa sauti yote iliyobaki. "Kila nilipozaa, yeye ndiye aliyenikanda. Hakukosa hata mara moja. Siku yake ikifika, mwende. Na kama ninyi hampo, waende wenu."

Hawakucheka tena. Siku chache baadaye Bi Panya akafariki, na Bi Tembo akamzika mwenyewe.

Vuli ya pili ikapita. Kulipopambazuka siku moja ya jua kali, uchungu ukamshika Bi Tembo kando ya mto, peke yake. Akahangaika, akanguruma, ardhi ikatikisika. Mtoto akatoka, mkubwa, macho wazi. Akasimama, akaanguka, akasimama tena, na jua halijapanda sana yuko chini ya mama yake ananyonya.

Bi Tembo akafurahi kweli. Lakini mgongo unauma, kiuno kinauma. Akatazama huku, akatazama kule, hakuna mtu.

"Shoga yangu," akasema, "ungekuwepo leo." Akalia.

Jua lilipofika utosini, majani yakatikisika. Wakatoka panya, wengi, hawana idadi. Wale binti hawakuwamo, walikwisha kufa zamani. Hawa ni vilembwe na vining'ina. Kila mmoja kabeba ganda la njugu, na ndani maji ya moto kutoka kwenye jiwe pana. Mbele yao kipanya kimoja cha kike, chenyewe kina mimba.

"Shikamoo, Bi Tembo."

"Marahaba. Ninyi watoto wa nani?"

"Hatukujui, nawe hutujui. Ila kwetu mtoto akifumbua macho tu, anaambiwa: Bi Tembo bado. Leo tumesikia ardhi inatikisika, tukajua ni tayari. Lala, bibi."

Akalala. Wakampanda mgongoni, wakamwaga maji, wakamkanyaga kwa vile vijiguu vyao, kiunoni, mabegani, mgongo mzima, huku wakisema, "Pole, bibi. Pole, bibi. Pole." Wakamkanda mpaka akasinzia.

Sasa mtasikia watu wanasema tembo anamwogopa panya. Amwogope kwa lipi, jitu zima lile? Tembo akiona mkia unapita kwenye majani huinua mguu, husimama, hungoja apite. Hajui yule ni mjukuu wa yupi, kati ya wale waliomkanda mama yake.

Hadithi yangu imeishia hapo. Anayetaka kuiongeza, aanze kwa kuongeza kuni.