Watatu Waliomfungulia Atupele Tovuti

Sogeeni, wenzangu, maana leo nawaletea shauri ambalo mwamuzi wake bado anatafutwa.

Palikuwa na vijana watatu mjini Tukuyu. Tumpe alikuwa haoni, lakini kompyuta ilimsomea maandishi kwa kasi ambayo wengine walisikia mvumo tu, na yeye hakupotewa na neno. Lusajo alikuwa hasikii, lakini katika kuunda tovuti vidole vyake havikuwa na mpinzani. Sekela mikono ilimtetemeka, kipanya hakikumtii. Alitumia kibodi peke yake, na njia zake zote alizijua.

Walikutana kwenye mafunzo ya kutengeneza tovuti zinazotumika na watu wenye ulemavu. Darasani alikuwamo pia Ambokile, mtunza tovuti wa chuo cha ualimu.

Siku ya mwisho akaingia binti mwenye fimbo nyeupe.

"Shikamooni. Naitwa Atupele. Maombi ya chuo cha ualimu yanafungwa leo saa kumi, na tovuti yao imenishinda. Kaka alitaka kunijazia, nikakataa. Mwalimu gani huyo wa kujaziwa fomu?"

Ambokile moyo ukampasuka. Tovuti ile aliiunda yeye! "Jamani, nisaidieni," akasema, akifungua kompyuta.

Tumpe akasikiliza, akatikisa kichwa. "Inasema 'kitufe, kitufe, picha, kitufe.' Atajuaje kipi ni cha kutuma? Na hiyo picha ina maelekezo yasiyosomeka!" Akataja kila mahali palipokuwa bubu, Ambokile akiyaandika ubaoni.

Lusajo akausoma ubao, akavuta kiti. Vidole vikaruka. Chai ilikuwa haijapoa, kila kitufe kina jina, na maelekezo yametoka kwenye picha yakawa maandishi.

Wakashangilia mapema. Atupele alipofika kwenye tarehe ya kuzaliwa, kalenda ikamnasa. Kila alichobonyeza kilimrudisha humo humo. Lusajo akajaribu kwa kipanya, hakuona kasoro.

"Mwenye kipanya hawezi kuiona," Sekela akasema, akisogea. "Kwa kibodi unaingia, hutoki. Iondoeni! Wekeni visanduku vitatu: siku, mwezi, mwaka."

Ambokile akaviweka, jasho likimtiririka. Saa kumi ilikuwa inabisha hodi Atupele alipobonyeza mara ya mwisho. Kompyuta ikatamka: "Maombi yako yamepokelewa."

Weee! Tumpe alipiga vigelegele, Lusajo akatikisa viganja hewani, Sekela akacheka mpaka machozi.

Kabla hawajatawanyika, habari zikamfikia mkuu wa chuo, akampigia Ambokile simu. "Nina nafasi moja ya kazi, mkaguzi wa tovuti. Nitajie jina la huyo aliyekusaidia."

Simu ikiwa bado hewani, Ambokile akawaeleza wenzake, na Lusajo akamwandikia ubaoni.

"Bila masikio yangu mngejua nini kimekosekana?" akauliza Tumpe.

Lusajo akaandika ubaoni, Ambokile akiwasomea kwa sauti: "Kujua ugonjwa si kuutibu. Nani alitibu?"

"Na bila mimi," akasema Sekela, "Atupele angekuwa bado yumo ndani ya kalenda!"

Wakamgeukia Atupele. "Msinitie kwenye kesi hiyo," akasema. "Angepungua mmoja wenu, nisingefika."

Ambokile alibaki na simu mkononi. Kila alipotaka kutamka jina moja, alikumbuka mengine mawili. "Haloo?" mkuu akaita. "Nakusikiliza."

Haya, mliokaa hapa, mkuu hajakata simu. Ungekuwa wewe Ambokile, ungemtaja nani? Na wale wawili ungewatazamaje usoni?