Kiyoyozi cha Bi Mwantumu

Mtu mmoja wa Tanga, Mzee Mhando, alikuwa na kiyoyozi cha zamani, vile vya kupachikwa dirishani. Aliyekinunua ni marehemu mkewe, Bi Mwantumu, kwa jasho la cherehani yake. Mtaa mzima hapakuwa na kingine. Joto la kaskazi lilipopamba moto, wanawake waliojifungua waliletwa mle chumbani na vichanga vyao wamalizie arobaini zao kwa raha. Uji wa pilipili manga ulinywewa, soga zikapigwa, na kiyoyozi kikanguruma kikipuliza baridi mpaka mtu anaomba khanga ya pili. Ah, nyumba ile ilikuwa nyumba kwelikweli!

Bi Mwantumu alipofariki, ubaridi ulipungua, kisha ukaisha. Mngurumo ukabaki. Fundi alikiongezea gesi mara tatu. Mara ya nne akasema wazi kwamba kinavuja, kompresa imekufa, kinakula umeme bure, kinunuliwe kingine. Mzee Mhando alimkasirikia kana kwamba ametukaniwa mke. Kila alasiri alikiwasha, akajilaza akitokwa na jasho, akafumba macho. Katika mngurumo ule aliisikia nyumba imejaa watu. Alimkumbuka mkewe mno, na nani wa kumlaumu kwa hilo?

Mwaka wa pili binti yake, Saumu, alikuja kujifungulia nyumbani, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kwanza. Baba alimpa chumba kile kile. Alitandika kitanda mwenyewe, akawasha kiyoyozi, akasimama mlangoni akingoja kusifiwa. Kufikia siku ya tisa baada ya kujifungua, kichanga kilikuwa na vipele vya joto shingo nzima, kinalia hata kunyonya kinashindwa. Saumu alifungua dirisha la pili. Baba akalifunga, ati baridi itatoka.

Siku ya kumi na moja alimkuta binti anafunga mizigo arudi kwa mumewe, arobaini haijafika hata nusu.

"Baba," alisema Saumu, "mama alikuwa akiwapa watu ubaridi. Mngurumo huu hakumpa mtu."

Mzee Mhando aliketi kitandani. Alimtazama mjukuu wake, alivyovimba kwa kulia, akaona haya. Kisha aliinuka, akachomoa waya kwa mkono wake mwenyewe. Chumba kikawa kimya. Hapo ndipo alipomlilia mkewe kwa sauti, kilio alichokizuia miaka miwili. Kabla ya magharibi fundi alikuwa amekwisha kufunga kiyoyozi kipya, Saumu akafungua mizigo, na mtoto akalala.

Nanyi mlioketi hapa: kwenu ni kitu gani kilichoacha kupoza siku nyingi, kimebaki kunguruma tu, nanyi mnawalaza wanenu chini yake kwa sababu mlimpenda aliyekiwasha?