Mlolongo wa Bwana Kiboko

Ngano yangu imefika mlangoni, mnaisikia?
Tunaisikia, iingie.
Haina viatu, wala haina ukweli.
Iingie hivyo hivyo, iketi.

Basi ikaketi. Hapo kale, katika bonde lenye ukungu mzito hata jogoo akiwika kwa kubahatisha, aliishi Bwana Kiboko, mwenye shamba kubwa kuliko wote. Msimcheke, kilimo alikijua. Wenzake walipokuwa wakirusha mbegu ovyo kama wanaolisha kuku, yeye alileta plau ya kukokotwa na nyati wawili, akavuta kamba, akapanda mahindi kwa mistari, akachimba na mfereji. Mahindi yakarefuka, yakavuma usiku kucha, shaa, shaa, na bonde zima likalala limeshiba.

Tatizo ni kwamba kila msimu plau ile ilipitiliza kidogo. Msimu huu ikameza shamba la Nguchiro, msimu ule bustani ya Bi Kanga. Ukilalamika, unaambiwa hayo ndiyo maendeleo.

Mwishowe Kiboko akaingia kwenye siasa, akagombea Ukuu wa Bonde. Ahadi yake ilikuwa moja tu: akishinda, kesho yake plau itanyoosha kila kilichopinda, kuanzia vifusi vya Fuko. Na chini ya vifusi hivyo mke wa Fuko alikuwa amejifungua juzi, watoto hata manyoya hawajaota.

Bonde lile walipiga kura kwa kujipanga. Wagombea walisimama mbele, wamewapa watu mgongo, na kila mtu akasimama nyuma ya amtakaye. Mgombea hakuruhusiwa kugeuka mpaka ngoma ilie. Ila ikishalia, hugeuka na kuona nani hayupo. Kwa hiyo siku ilipofika, wote walijipanga nyuma ya Kiboko kwa woga. Nyuma ya mpinzani wake, Bi Kanga, hakusimama hata mumewe.

Fuko akawanong'oneza watu wasijongee. Kisha akapenya ardhini, fuku fuku fuku, akatokeza miguuni pa Kiboko.

"Mheshimiwa, sogea kidogo. Watu bado wanakuja, wa nyuma wamesimama kwenye miiba."

Kiboko akatabasamu, akasogea. Dii, dii. Fuko akazama tena, akaipiga ardhi kwa viganja, tif tif tif, hata Kiboko akahisi umati ukitetema chini ya nyayo zake.

"Wanakuja?"

"Bado wanakuja. Sogea kidogo."

Dii, dii. Tif tif tif. Akayapita mahindi yake, macho nusu ameyafumba, ukungu ukimlamba mashavu, akiona kiti cha ukuu kikipanuka chini yake mpaka kikawa bonde, na bonde likawa dunia. Raha iliyoje kutakwa na watu wengi hivyo. Huku nyuma, kadiri mgongo wake ulivyozidi kuwa mdogo, ndivyo na woga wa watu ulivyopungua. Wa kwanza kuhama alikuwa mume wa Bi Kanga, kwa aibu. Akafuata Nguchiro. Hata nyati wa plau walihama, wakitafuna.

Kiboko akafika mtoni, mpaka wa bonde. Sheria ilisema mgombea akivuka mto si mwenyeji tena, na sheria hiyo aliitunga mwenyewe, ili majirani wa ng'ambo wasije kugombea naye. Lakini kwa kiboko maji ni kitanda. Hakujua hata kama ameyaingia.

"Sogea kidogo, Mheshimiwa."

Chubwi. Akavuka kama anayeota. Alipokanyaga ng'ambo, ngoma ikalia. Kiboko akageuka na shukrani zake mdomoni, akaona maji na ukungu.

"Watu wangu wamekwenda wapi?"

Fuko akamjibu taratibu kutoka ukingo wa huku, "Hawajaenda popote, Mheshimiwa. Ni wewe uliyekwenda."

Bi Kanga akawa Mkuu. Mistari na mfereji waliviacha vilivyo, maana vilikuwa vyema, na plau ikavizunguka vifusi vya Fuko. Lakini Kiboko mimi namhurumia. Mpaka leo yuko huko ng'ambo, hakusadiki, amewapa tena watu mgongo, kila asubuhi anasogea kidogo ili wa nyuma wapate nafasi.

Na ukimuuliza funzo, wanangu, atakuambia hili: kiongozi bora haangalii nyuma.

Ngano yangu imesinzia hapo.
Tuifunike, isije ikaamka.