Zimwi Lililokalia Chemchemi

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wanangu, na aliye mbele akae chini wenzake waone. Nimewaletea habari ya mlimani, nayo si ya kuchekesha.

Hapo kale palikuwa na mwanamke jina lake Namkunda. Mumewe aliitwa Senkondo, na binti yao wa pekee aliitwa Nakijwa. Senkondo alikuwa mchimba mifereji. Yeye na rafiki yake Kiangi ndio waliouchonga mlima kwa majembe, maji ya kijito yakashuka mpaka kwenye migomba ya watu. Lakini watu wakishavuna walikuwa wakimshukuru mfalme. Jambo hilo lilimchoma Senkondo rohoni. Kila mara alimwambia mkewe, "Mama Nakijwa, mimi sikuzaliwa kushika jembe." Namkunda alicheka tu, akampakulia chakula.

Basi ukaja mwaka wa ukame. Ukaja wa pili. Ukaja wa tatu. Kijito kikakauka, migomba ikalala chini, watu wakala mizizi. Namkunda akawa anajifunga mshipi tumboni ili apate kusimama.

Siku moja Senkondo akaufuata mkondo mkavu mpaka juu, penye chemchemi. Akakuta zimwi limekaa. Lilikuwa kubwa kama nyumba, mgongo umeota kuvu, makalio yameziba jicho la maji. Kumbe lilikaa pale miaka yote mitatu.

Senkondo akarudi nyuma hatua moja. Zimwi likamwuliza anataka nini. Angeweza kusema liondoke, watu wanakufa. Hakusema hivyo. Alisema, "Nataka maji yanayonitii mimi peke yangu."

"Mimi ni mzito," likasema zimwi. "Niletee mtu anishike mkono niinuke."

Senkondo akashuka. Njiani akakutana na mchuuzi wa chumvi, mtu wa mbali aliyepotea, ana kiu. Akamwambia kwamba anajua maji yalipo. Walipofika juu, zimwi likanyoosha kiganja. "Nishike mkono niinuke." Mchuuzi akashika. Zimwi likajiinua kidogo, maji yakachuruzika, na mchuuzi akamezwa mzimamzima.

Namkunda aliyajua hayo, maana Senkondo mwenyewe alimweleza, mikono yake ingali imelowa. Alifungua kinywa aseme neno. Lakini Nakijwa alikuwa amepiga magoti mferejini, midomo yake iliyopasuka imezama majini, anakunywa bila kupumua. Namkunda akafunga kinywa. Akapiga magoti kando ya mwanawe, naye akanywa.

Maji yakamtii Senkondo. Akisema njoo, yalikuja. Akisema simama, yalisimama. Watu wakamfanya mkuu wa mifereji yote.

Haikumtosha.

Siku moja akapanda tena, akasema anataka ufalme wa mlima. Zimwi likamwambia kwamba maji mengi zaidi yanataka mkono wa karibu zaidi. Senkondo akarudi nyumbani, akamtuma mtu amwite Kiangi.

Namkunda aliposikia akamtangulia mjumbe kwa njia ya mkato. Akamkuta Kiangi anatia mpini jembe lake, akamwambia yote, tangu mchuuzi mpaka zimwi, akamsihi asiende. Kiangi akamtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa wa homa.

"Shemeji," akasema, "mimi na Senkondo tumekula chungu kimoja tangu hatujaota meno. Akiniita nisiende?"

Akaenda. Walipanda wawili, akarudi mmoja.

Maji yakawa mengi. Senkondo akayazuia yasifike kwenye mashamba ya mfalme mpaka mzee yule akaja mwenyewe, amebeba kiti chake kichwani, akakiweka mbele ya Senkondo na kuondoka. Namkunda akaitwa malkia. Mke wa Kiangi alipita mlangoni kwake kila asubuhi akiuliza kama kuna habari za mumewe, na kila asubuhi Namkunda alisema hakuna.

Haikumtosha.

Senkondo akajenga nyumba kubwa chini bondeni, aitazame nchi ya tambarare, kwani sasa aliitaka nayo. Akapanda kwa zimwi mara ya tatu. Aliporudi hakula, wala hakumtazama binti yake usoni. Namkunda akaelewa.

Alfajiri akamchukua Nakijwa, akamvusha mlima, akamficha kwa bibi yake. Siku mbili hazikupita, askari wa Senkondo wakamrudisha mtoto. Namkunda akaanguka miguuni pa mumewe.

"Baba Nakijwa, nipeleke mimi."

"Nililiambia hivyo," Senkondo akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Limekataa. Linataka damu yangu. Ni mara hii tu, Mama Nakijwa. Baada ya hii sitaomba tena."

Akamshika binti yake mkono, wakapanda. Namkunda akawafuata akilia, mpaka ukingoni juu ya chemchemi, askari wawili wakamkamata. Alivuta, aliuma, alipiga mateke. Hawakumwachia. Kutoka pale aliona kila kitu, kama mnavyoniona mimi.

Aliliona zimwi likinyoosha kiganja. Alisikia likisema, "Nishike mkono niinuke." Alimwona Nakijwa akimgeukia baba yake. Baba yake akamwitikia kwa kichwa, na mtoto, aliyezoea kumtii baba, akashika, naye akamezwa.

Basi zimwi likainuka. Halikujiinua kidogo safari hii, lilisimama wima. Na maji yote liliyoyakalia yakatoka kwa pamoja.

Senkondo akayaambia simama. Hayakusimama. Akaliambia zimwi likae tena.

"Uliniletea mikono niinuke," likasema zimwi, likaingia msituni bila kugeuka.

Maji yalimzoa Senkondo pale pale. Yakashuka, yakabeba mifereji, migomba, nyumba kubwa na kiti cha ufalme. Askari wakamwachia Namkunda wakakimbia. Sasa alikuwa huru, na hapakuwa na la kufanya. Akakaa chini, akatazama.

Siku ya tatu watu wa tambarare walikuta maiti ya Senkondo kwenye tope. Hawakujua ni nani. Walimzika kama mpita njia.

Kijito kikatulia, kikawa kinatiririkia watu wote. Namkunda akakaa siku nne hanywi. Siku ya tano mke wa Kiangi akaja, akaketi karibu naye, kisha akateka maji kwa kibuyu, akampa. Namkunda akayatazama sana. Akanywa, kwa sababu hapakuwa na maji mengine.

Hadithi yangu imeishia hapo, na mimi sina zaidi ya hayo.

Nanyi, wanangu, shikeni hili. Mwenye tamaa ya ukubwa haangamii peke yake, huanza na watu wake. Na ukiuona ubaya ukanyamaza kwa kuwa umekufaa, siku utakayotaka kusema utakuta umechelewa.