Kobe Chali

Paukwa!

Pakawa!

Nyinyi wa nyuma mmesinzia. Paukwa!

Pakawa!

Na huyo anayechezea simu chini ya kanga?

Ameizima!

Hajaizima, kidevu chake kinawaka. Haya, mwacheni. Hadithi hii ni yake.

Hapo zamani za kale, katika Bonde la Kidindi, palikuwa na bwawa. Bwawa moja, wanyama wote. Mwenye bwawa alikuwa nani? Hakuna. Lakini mwenye kupanga foleni ya kunywa alikuwa Nyati, mwenyekiti wa Chama cha Pembe. Nyati alipanga hivi: kwanza wenye pembe. Halafu wenye kwato tupu. Mwisho kabisa, vidogo wa mashimoni.

Wenye pembe wakinywa, wanaingia na miguu yote minne. Wenye kwato wakinywa, wanaingia na watoto wao. Vidogo wakifika, hakuna maji, kuna tope. Wanalichuja kwa meno. Nyati hakuwa na roho mbaya, tuseme kweli. Alikuwa mkubwa tu, na kila akitazama chini anaona pua yake.

Vidogo nao walikuwa na chama chao, Chama cha Mashimo. Ukiita "Shimoni!" wanaitika "Tumo!" Mwenyekiti wao alikuwa Kobe. Kobe hana shimo, ana nyumba yake mgongoni, lakini walimchagua kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia matatizo. Hata angetaka, angekimbiaje?

Kila baada ya viangazi vitatu walipiga kura. Kura yenyewe rahisi. Unakwenda kwenye udongo mbichi kando ya bwawa. Unakwenda mwenyewe, kwa miguu yako. Ukitaka Pembe, unakanyaga kushoto. Ukitaka Mashimo, unakanyaga kulia. Pu! Umepiga kura. Jua likigusa kilima, Nungunungu anafunga udongo na kuhesabu nyayo.

Kobe aligombea mara ya kwanza, akashindwa. Akagombea mara ya pili, akashindwa. Akagombea mara ya tatu, akashindwa vibaya. Na vidogo ni wengi! Wengi kuliko pembe na kwato zote ukizijumlisha. Lakini wengi wao ni vijana, na vijana siku ya kura hawaonekani.

"Safari hii ni ya mwisho," Kobe akamwambia mkewe. "Nimezeeka. Nataka siku moja ninywe maji safi, niinamie, nione uso wangu. Sijawahi kuuona, mke wangu. Maisha yangu yote nimeinamia tope."

"Mimi nauona kila siku," akasema Bi Kobe. "Hujakosa kitu."

Lakini alimwonea huruma, akamsugua gamba kwa jani mpaka likang'aa.

Sasa vijana walikuwa wapi? Vijana walikuwa kwenye mtandao.

Msicheke. Palikuwa na buibui mmoja, Bi Tandabui, hana chama, hana ugomvi, kazi yake kusuka. Alisuka nyuzi kutoka shimo hadi shimo, bonde zima. Ukisema neno kwenye uzi wako, linatetemeka, linakwenda, linafika kwenye mashimo yote. Aliyependezwa anaugonga uzi wake kwa kidole: ti! Basi. Hiyo ndiyo "nimependa". Ukisikia ti, ti, ti, ujue umependwa. Usiposikia kitu, kalale. Na pale kwenye Majabali ya Pimbi, nyuzi zote zilipokutana, ndipo mtandao ulishika vizuri. Vijana walishinda hapo, asubuhi mpaka jioni, uzi sikioni.

Kulikuwa na Pimbi mmoja wa kike, kijana, mdomo haupoi. Akamfuata Kobe.

"Babu, shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Babu, vijana hawakujui. Njoo mtandaoni uzungumze nao."

Kobe akaja. Taratibu, kata, kata, kata. Akashika uzi. Akakohoa. Akaanza: "Ndugu zangu wananchi wa Bonde la Kidindi, awali ya yote, kabla sijaenda mbali, napenda kuchukua nafasi hii adhimu..." Akaichukua nafasi hiyo tangu jua la asubuhi mpaka kivuli kikawa chini ya tumbo. Alipomaliza, akategesha sikio.

Kimya.

Kimya.

Ti!

"Mmoja!" akasema Kobe kwa furaha. "Ni nani huyo?"

"Ni bibi," akasema Pimbi. "Babu, watu wamelala, wameamka, wewe bado uko kwenye salamu."

Kobe akasikitika. Akageuka aondoke. Jabali lilikuwa na utelezi. Mguu ukaenda huku, mguu ukaenda kule, na mzee mzima, tumbo juu, gamba chini, akaanza kuzunguka. Biri biri biri biri!

Pimbi alicheka mpaka akashika mbavu. Akashika na uzi. "Kobe chali! Wenzangu, Kobe chali! Miguu minne hewani! Anazunguka! Biri biri biri!"

Ti! Ti! Ti-ti-ti! Tititititititi!

Bonde lilitetemeka. Bi Tandabui alishikilia nyuzi zake kwa miguu yote minane zisikatike. Mashimo mia tatu yaligonga! Na Kobe? Kobe alikuwa bado chali. Bi Kobe ndiye aliyefika, kata, kata, kata, akaweka bega, akasukuma, puu, akamgeuza.

"Wamenipenda!" akasema Kobe, macho yamemtoka. "Mke wangu, umesikia? Mia tatu!"

"Nimesikia. Twende ukapumzike, shingo imekuvimba."

Kesho yake bonde zima linacheza Kobe Chali. Panya buku chali. Nguchiro chali. Sungura chali, biri biri biri. Hata Nyati aliposikia, naye akataka. Akaja mtandaoni, pembe amezivisha maua, akasema, "Vijana, mimi ni mwenzenu, mambo vipi?" Akajirusha chini. Gubu! Nyuzi ishirini zikakatika, na Bi Tandabui akamtukana kwa adabu. Akapata ti thelathini, nyingi za jamaa zake.

Kobe akanogewa. Nyinyi msingenogewa? Zamani alikuwa anapita shimo kwa shimo, anabisha hodi, anauliza hali, anajua nani ana mtoto mgonjwa. Sasa haendi. Asubuhi chali. Mchana chali. Pimbi anatangaza, vijana wanagonga, bibi anageuza.

Jioni moja Bi Kobe akauliza, "Mume wangu, leo wamekuja wangapi?"

"Mia nne wamegonga."

"Nimeuliza wamekuja wangapi."

"Mke wangu, mambo ya siku hizi huyajui."

Bi Kobe alikuwa na bega lililomuuma, na hakusema.

Siku ya kura ikafika. Alfajiri, Kobe na mkewe walikuwa wa kwanza kufika udongoni. Pu, pu, kulia. Wakakaa pembeni wakingoja wale mia nne.

Wakaja wenye pembe. Wazee, wagonjwa, vilema, wote wakaja. Pu, pu, pu, kushoto. Wakaja wenye kwato. Kushoto, kushoto, mmoja mmoja kulia. Wakaja vidogo wazee wa mashimoni, wamechoka, wanakohoa. Kulia. Jua likapanda. Vijana hakuna. Jua likafika utosini. Vijana hakuna. Nungunungu akamtazama Kobe, akatazama udongo wa kulia, akatazama pembeni. Alimwonea aibu.

Pimbi peke yake akaja mbio, pu, kulia. "Usijali babu, nawaita sasa hivi!" Akarudi mbio jabalini, akashika uzi. "Wenzangu! Leo ndiyo leo! Njooni tupige kura! Tumpigie babu!"

Tititititititi!

Mia tano! Haijapata kutokea! Na hakuna aliyenyanyuka.

Kule bwawani Kobe akausikia mtetemo. Akangoja. Akatazama njia. Njia tupu. Moyo wake ukaingia baridi, na kwa mara ya kwanza akamwelewa mkewe. Akainuka. Kata, kata, kata, kuelekea majabalini. Jua linashuka, naye anapanda. Kata, kata, kata.

Akawakuta wamejaa jabali zima, uzi sikioni, wanachekelea.

"Wajukuu zangu, mbona hamji kupiga?"

Wakashangaa. "Babu, mbona tulishapiga?"

"Mlipiga lini?"

"Jana tulipiga. Juzi tulipiga. Leo tumepiga mara mbili!" akasema Sungura. "Mimi kidole kinaniuma kwa ajili yako."

"Mlipiga nini?"

"Tuligonga!"

"Kugonga siyo kupiga, wanangu."

"Babu naye! Kugonga siyo kupiga?" Wakaangaliana. Nguchiro akasema, "Ukigonga mlango si umepiga hodi?" Wakacheka. Kwa maneno tu, walimshinda.

Kobe akasogea awaeleze. Jabali ni lile lile, utelezi ni ule ule. Mguu huku, mguu kule. Chali! Biri biri biri.

"Kobe chaliii!" Ti! Ti! Tititititi!

Biri biri. Biri... biri... Miguu ikapunguza mwendo. Jua la alasiri lilikuwa linampiga tumboni moja kwa moja, na jabali chini yake lilikuwa la moto. Wao wanagonga. Kobe akafungua mdomo, sauti ikatoka ndogo.

"Wajukuu zangu. Mnanipenda?"

"Tunakupenda sana, babu!" Tititi!

"Sana?"

"Sana sana!" Titititititi!

"Mbona bado niko chini?"

Kidole cha Sungura kikabaki hewani.

"Siku zote hizi nikianguka," akasema Kobe, "nani alikuwa ananiinua?"

Kila mmoja alijua. Pimbi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuachia uzi. Aliutupa hasa, akaja analia, akaweka bega lake dogo. Halikutosha. Akaja Sungura. Akaja Panya buku. Akaja Nguchiro na ndugu zake. Puu! Wakamgeuza.

"Asanteni," akasema Kobe, anahema. "Huko ndiko kupiga: kuja wenyewe."

Jamani, mbio zilizopigwa siku ile! Walishuka majabali kama mawe. Walipita kwenye nyuzi, nyuzi zikawanasa masikioni, hawakujali. Pa pa pa pa pa! Jua linakaribia kilima. Pu! Pu! Pu-pu-pu! Nyayo ndogo ndogo zikajaa kulia, moja juu ya nyingine. Nungunungu akasimama, macho kwenye kilima. Jua likagusa.

"Nimefunga!"

Vijana kumi na mmoja walikuwa bado njiani. Walisimama ukingoni mwa udongo, nyuzi zinaning'inia masikioni, wakaomba. Nungunungu akasema sheria ni sheria, na sauti yake haikuwa na furaha.

Akahesabu. Akahesabu tena. Pembe wameshinda. Wameshinda kwa nyayo nne.

Nne! Na kumi na mmoja wamesimama pale pale wanatazama miguu yao. Sungura mmoja kati ya hao alilia mpaka akapata kwikwi. Kobe alipofika, kata, kata, kata, akaambiwa. Akawauliza wale kumi na mmoja kama wamekula.

Lakini Nyati si mjinga. Watu wake walishangilia, yeye alibaki udongoni anatazama upande wa kulia. Kwa mara ya kwanza aliangalia chini akaona kitu kisicho pua yake. Nyayo ndogo. Nyayo ndogo. Nyayo ndogo hadi ukingoni. Na kumi na mmoja wamechelewa, na viangazi vitatu si vingi. Jioni ile alikula majani bila hamu. Asubuhi akatangaza mbele ya wote: kuanzia sasa, kila siku ya tatu, vidogo watangulie.

"Ni kidogo," Pimbi akanung'unika.

"Ni kidogo," akakubali Kobe. "Na mtaongeza nyinyi."

Siku ya tatu ikafika. Vidogo wakateremka bwawani kabla ya mtu yeyote, na maji yalikuwa yametulia, safi, mpaka kokoto za chini unazihesabu. Walimwachia Kobe nafasi. Akaenda na mkewe, bega kwa bega. Akainamia. Akatazama. Akatazama sana.

"Kumbe ndiye huyu?"

"Nilikwambia," akasema Bi Kobe.

Kobe alicheka, na kwa kucheka akarudi nyuma, na nyuma ni utelezi. Mguu huku, mguu kule. Chali!

Safari hii hakuna aliyetangaza. Hakuna uzi uliotikisika. Bi Kobe alinyanyua bega lake bovu, akakuta hakuna pa kuliweka. Vijana ishirini walishafika, wanasukumana, wanagombana nani ashike gamba upande gani. "Toka wewe, namwinua mimi!" "Nilianza mimi!" Karibu wamtumbukize bwawani kwa mapenzi. Bi Kobe akakaa chini, akanywa maji yake taratibu, kwa mara ya kwanza bila haraka.

Haya, wanangu na wazazi wenu. Funzo lake ni hili: chama kikija kukuchekesha kwenye simu, cheka, hakuna ubaya. Ukikipenda, gonga. Lakini kugonga siyo kupiga. Siku ya kura nenda na miguu yako, na nenda mapema. Nanyi wenye vyama, mkishapendwa mtandaoni, bisheni hodi mashimoni pia.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeipenda asinigongee. Bibi yenu amekaa chini tangu magharibi, na goti lake mnalijua. Inukeni, mmwinue.