Zimwi Lililoiba Akili ya Mama

Haya, sogeeni niwape ngano, nanyi ipokeeni! Zimwi liliiba akili ya Bi Mize. Akawa wa kukaa kimya tu, asiwajue hata wanawe. Kitinda mimba wake, Rehani, akaacha kucheka, asitambae wala kusimama. Dada yake, Mwanakombo, akalifuata zimwi pangoni.

"Wewe ndiye uliyemfanya mama yako augue!" likanguruma.

"Si mimi!"

Likavimba, likanguruma tena.

"Si mimi!"

Mara ya tatu likamtolea meno. Mwanakombo akapiga kelele: "Mama anaumwa, wala si kosa langu!"

Pu! Zimwi likapasuka, akili ikaruka kurudi kwa mwenyewe. Mwanakombo mbio hadi nyumbani! Akamkuta mama amenyoosha mikono, anaita, "Rehani, njoo!"

Naye Rehani, jamani, akatambaa!