Mtama Ulioota kwa Matusi

Sogeeni karibu, na mwenye ugomvi na jirani yake auache nje. Huu wa humu ndani unatosha.

Katika kijiji kimoja kikavu waliishi watu watatu wasiosalimiana. Ndahani alikuwa na mdomo, tena na kituo kidogo cha redio juu ya kilima. Dada yake Sechelela alikuwa na sikio: alijitengenezea antena mbili, moja ikiuelekea mlingoti wa kaka yake, nyingine ikiinamia ardhi kusikiliza mwangwi wa matangazo yake, maana udongo wenye unyevu hurudisha mawimbi ya redio kwa nguvu kuliko udongo mkavu. Shemeji yao Mwaluko alikuwa na mikono, na debe la mwisho la mbegu za mtama.

Mvua ilipogoma, Ndahani akashinda redioni akimtukana dada yake.

"Mchawi yule! Ardhi inamnong'oneza, mbona wanawe wanalala njaa?"

Sechelela alilia kwa hasira. Lakini alizunguka na antena zake, matusi yakigonga ardhi na kurudi, mpaka kule bondeni mwangwi ukapanda ghafla.

"Nyoo! Tukana tu, kaka. Leo umenifaa."

Akamwendea Mwaluko, asikaribishwe hata kigoda.

"Panda bondeni. Pana unyevu."

"Mbegu zikifa, utanitambua."

Mwaluko akapanda zote. Akalima peke yake, akalala shambani akifukuza nguruwe, viganja vikachubuka. Mtama ukakomaa, shamba moja tu kijiji kizima, chakula cha nyumba moja mpaka mvua ijayo.

Siku ya kuvuna wakakutana wote watatu, kila mmoja na kisu chake.

"Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime," akasema Mwaluko. "Nimelima. Tokeni!"

"Ungelima wapi, bwege wewe?" Sechelela akafoka. "Bila sikio langu ungezika mbegu vumbini!"

Ndahani akacheka. "Na sikio lilisikia nini? Si sauti yangu?"

"Ulikuwa unanitukana!"

"Ndiyo. Nawe ukayatumia matusi yangu, wala hukuniomba."

Hilo likamuuma Sechelela kuliko matusi yenyewe. Wanawe walikuwa nyumbani wakisubiri uji.

Mara kundi la kweleakwelea likatua kwenye masuke. Hakuna aliyeinua mkono. Kila mmoja alinuna: nimfukuzie nani ndege?

Je, wewe ungeamua vipi, mtama ule ni wa nani? Sema upesi, ndege wanakula.